Kamanda na Kinyozi

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa na uso wa kupendwa na kamera, na hilo ndilo lililomharibu. Mimi ni fundi cherehani. Uso wangu haujawahi kumsumbua mtu. Yeye tangu utotoni alikuwa akijiliza mbele ya kioo ili aone machozi yanavyoshuka, na mama anatuita sote sebuleni tukamtazame. Alivimba kichwa mapema.

Ukubwani akapata nafasi katika tamthilia ya televisheni, aigize kinyozi anayejua siri za mtaa mzima. Hakuwa amewahi kushika hata mashine ya kunyolea. Basi akaenda kwa kinyozi wa mtaani kwetu, mtu aliyehamia na mkewe kutoka nchi jirani, kibanda chake kikitazamana na mlango wangu. Yule mtu akamfundisha kila kitu: namna ya kushika wembe, namna ya kumgeuza mteja kichwa kwa vidole viwili, namna ya kuuliza habari za nyumbani bila kuonekana mmbeya. Wakawa chanda na pete. Watu waliposema mdogo wangu anaigiza kinyozi kuliko vinyozi wenyewe, mwalimu wake alifurahi kuliko sote.

Tamthilia ikafutwa, unga ukamwagika. Mtu aliyezoea kuombwa picha sokoni akawa anapita sokoni na hakuna anayegeuka. Akahamia kwangu, akawa anakula, analala na kulaumu. Siku moja alijirekodi jikoni kwangu akifoka kwamba wageni wamemaliza kazi zote za nchi hii. Uongo mtupu, aliyemnyima kazi mpya ni mtayarishaji, kwa kuwa ana mtoto wake anayetaka kuuza sura. Lakini mishipa ya shingo ilimtoka vizuri, sauti ikakatika pale panapotakiwa, na watu wakasambaziana ile video usiku kucha.

Baada ya hapo hakushikika. Vijana wakamwita Kamanda. Alivaa skafu ya rangi za bendera hata kwenye joto la kuchemsha ubongo, akahutubia viwanjani kuhusu damu ya taifa na ardhi ya mababu, yeye ambaye mazishi ya babu yetu aliyaacha katikati akaenda kupiga picha za tangazo la sabuni. Na bado nywele alinyolewa palepale. "Wewe sikusemi wewe, kaka," alikuwa akimwambia kinyozi. "Wewe ni wetu." Kinyozi alicheka na kumpangusa shingo.

Watazamaji wa video zake walipoanza kupungua, alimleta kinyozi chumbani kwangu mchana mmoja, mimi nikiwa nashona.

"Ni igizo tu, kaka. Nitakuja kibandani nikufokee, utanijibu haya maneno. Mwishoni tunapeana mikono, tunacheka, watu wanajua ulikuwa mzaha. Utapata wateja mpaka uwakimbie."

Maneno aliyatunga mwenyewe: nchi yenu hii ni jalala, na nyinyi ni nzi wake. Masikini kinyozi hakuweza. Kila akitamka jalala, anaongeza samahani.

"Ukisema samahani unaharibu! Kunja uso. Nichukie."

"Nitakuchukiaje na nimekunyoa jana?"

Tulicheka wote watatu. Kisha kicheko kikaniisha, nikawaambia mzaha huo utawatokea puani. Mdogo wangu akaniambia nishone nguo zangu, sanaa niwaachie wenyewe.

Kesho yake walirekodi. Nilisimama mlangoni kwangu nikaona kila kitu, hadi walivyopeana mikono na kukumbatiana huku simu bado inarekodi. Jioni video ikatoka. Ilikomea kwenye nzi.

"Na pale mlipopeana mikono?" nilimuuliza.

"Kesho, dada. Acha watu wachemke kwanza."

Wakachemka. Asubuhi kundi lenye skafu kama yake lilivunja kibanda, likamtoa kinyozi nje na kumpiga kwa viti vyake mwenyewe. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Baadhi yao suruali walizovaa nilizipunguza mimi. Polisi walipofika hawakuwakamata waliopiga. Walimkamata aliyepigwa, kwa kosa la kulitukana taifa, na hospitali akafungwa pingu kitandani.

Mkewe alikuja kwangu na kiatu kimoja mguuni. "Dada, wanasema akitoka hospitali ni jela, na mimi nitafukuzwa nchini. Mwambie shemeji awaonyeshe kile kipande cha mikono. Hicho tu."

Nilimkokota mdogo wangu mpaka kituoni nimemshika ukosi. Njiani alikubali kila kitu. Alilia vibaya, kamasi zikamchuruzika, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona analia bila kujipanga. Nilimwamini.

Tulipoingia, afisa wa zamu alisimama. "Kamanda mwenyewe!" Askari wakatoka vyumbani wakitabasamu. Nikaona mgongo wake unanyooka. Nilieleza yote: mazoezi, maneno, mikono. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia.

"Ni kweli mlipanga?"

"Dada yangu ana huruma mno," alisema. "Mumsamehe."

"Na huyo kinyozi unamfahamu?"

"Simfahamu."

Nilimrukia, nikamchana shati, wakanitoa nje. Nilimchukia, na mpaka leo namchukia.

Hospitali, mke wa kinyozi alikuwa kwenye benchi la ukumbini, askari akimzuia mlango wa wodi. Alisimama aliponiona. Nilitafuta uongo, mimi dada wa mwigizaji, nikaukosa.

"Amesema hamfahamu mumeo."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie.

"Labda simu ilimwishia chaji, dada," alisema. "Nenda naye tena kesho."

Nikamwambia simu ilikuwa na chaji tele. Nilipokuwa natolewa, askari walikuwa wakiitumia kupiga picha na mdogo wangu.