Jicho Lililobaki la Mrisho

Mrisho wa Mkunya alikuwa mtu wa kufikicha macho. Wengine hung'ata kucha, wengine huchezea ndevu, yeye alifikicha macho, tena kwa utamu wa mtu anayekuna upele. Alianza alipotoka jandoni, baba yake alipomtwika mgongoni mashine ya kupulizia salfa, ule unga wa njano wa kuua ukungu wa majani, na kumwambia kwamba mikorosho ya ukoo sasa ni kazi yake. Kila kipupwe, alfajiri, majani yakiwa bado na umande, aliingia shambani, akatoka na uso wa njano na macho yanawasha. Basi akafikicha. Nani angemkataza? Msimu wa salfa Mkunya nzima hufikicha.

Ila wenzake salfa ikiisha waliacha. Yeye hakuacha. Akaoa, akapata binti, Somoe, na alipomtazama yule mtoto akamwona ana pua mbili, moja imeifunika nyingine kidogo. Miwani aliyonunua Masasi haikusaidia, ya pili nayo vile vile. Mpimaji wa Masasi, muungwana kweli, akakataa kumuuzia ya tatu.

"Kaka, hili si la miwani," alimwambia. "Kile kioo cha mbele ya jicho lako kimekuwa chembamba na kinachongoka. Nenda Dar es Salaam, na mikono yako iache kabisa kugusa macho."

Dar wakamwambia la kushoto limekwishaharibika, lina kovu, na ni jembamba mno kuguswa. La kulia ndilo lililobaki. "Tutalitia dawa na kulimulika, likaze lisizidi kuchongoka," daktari alisema. "Lakini nielewe vizuri. Halitarudi lilivyokuwa. Tukifanikiwa, litabaki hapo lilipo."

Mrisho alielewa sana. Tatizo ni kwamba hakumwambia mkewe. Ukoo mzima ulikuwa umechanga korosho zilipouzwa, na Pili alikwishatangaza bombani kwamba mumewe anakwenda kutiwa macho mapya. Utamwambiaje mwanamke wa namna hiyo kwamba unakwenda mbali kote huko kuomba ubaki hivyo hivyo? Akanyamaza, akajiambia atasema baadaye. Wanaume wengi ndivyo tulivyo: neno gumu tunaliwekea akiba mpaka lioze.

Zamu yake hospitalini ilifika Juni. Walimtia ganzi jichoni, wakakwangua utando wa juu, wakamdondoshea dawa ya njano ya vitamini tone baada ya tone, kisha wakamlaza chini ya mwanga wa bluu. Mwisho wakamfunika kidonda kwa lenzi laini isiyo na rangi, nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ilitakiwa ikae mpaka kidonda kizibe. Daktari alitaka angoje huko huko, lakini Mrisho hakuwa na ndugu wa kumlaza Dar, ikabidi apigiwe simu nesi wa macho wa Newala, dada Esther, aitoe yeye siku ikifika. Masharti alipewa kwa mdomo, akayarudia kama mtoto wa chuo cha Kurani: asifikiche, asitie maji usoni, miwani myeusi muda wote.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, Pili alikwenda bombani na ndoo zake. Mrisho akataka kuswali. Maji usoni amekatazwa, hilo alilikumbuka. Akakumbuka pia, kwa furaha, kwamba dini imemwekea mgonjwa njia: asiyeweza maji atayamamu kwa udongo. Akatoka nyuma ya nyumba, akavua miwani, akafumba macho, akapiga viganja viwili kwenye ule mchanga mwekundu wa Mkunya, laini kama unga, akaupandisha usoni kwa moyo wake wote. Hata kukung'uta mikono hakukung'uta.

Aliposhusha mikono, kitu kilikuwa kimekwama jichoni. Akapepesa. Kikakwaruza. Machozi yakabubujika, na ule ukungu wa tangu Dar ukawa mzito zaidi. Ndipo akili ikamrudia. Lenzi!

Akapiga magoti. Fikiria mwenyewe: mtu mwenye jicho moja la kubahatisha, nalo linatoa machozi, anatafuta kwenye mchanga kitu kisichoonekana hata na wenye macho mawili. Alipapasa kwa ncha za vidole, akaogopa asije akaikanyaga, akarudi kinyumenyume, akapapasa tena. Aliliona jicho la kushoto lilivyokufa polepole, akajua sasa amelimaliza na la pili kwa mikono yake mwenyewe, tena mikono aliyoipandisha usoni kwa ibada.

"Baba Somoe!" Pili alikuwa amerudi, ndoo ingali kichwani. "Ndiyo unaswali hivyo, mbele nyuma kama kaa?"

"Nimedondosha kifungo."

Pili, mwanamke wa watu, akatua ndoo, akainama kumsaidia kutafuta kifungo. Wakatafuta wote wawili. Baada ya muda akasimama, akamtazama shati.

"Vifungo vyote vipo."

Mrisho akakaa chini pale pale na kumweleza habari ya lenzi. Alipomaliza, Pili akamwokotea miwani yake myeusi, akamvika. Hakumgombeza, na hilo lilimtisha Mrisho kuliko kugombezwa.

"Inuka twende Newala," alisema.

"Tungoje kidogo, pengine litatulia."

"Tungoje nini?"

Hakuweza kumwambia anachongoja. Ukweli ni kwamba aliogopa kuambiwa. Maadamu hajafika kwa nesi, jicho lilikuwa bado halijafa, liko katikati, na mtu anaweza kukaa hapo katikati na kuomba.

"Jicho ni lako," Pili alisema, "lakini wanaoonwa nalo ni sisi. Inuka, Baba Somoe."

Akamfunga kanga nyepesi usoni kuzuia vumbi, wakapanda bodaboda, yeye katikati na Pili nyuma amemshika mikono yote miwili isije ikapanda usoni. Mashambani mashine za salfa zilikuwa zinanguruma, na kila harufu ile ilipowapitia Pili alimbana mikono zaidi.

Newala, nesi Esther akawakaribisha, akauliza kilichotokea.

"Shikamoo dada. Ni upepo tu," Mrisho alisema. "Vumbi limeingia."

Pili akakohoa.

"Mficha uchi hazai," Pili alisema. "Mwambie dada."

Akamwambia. Nesi hakucheka. Alinawa mikono, akampindua kope ya juu taratibu, akavuta kwa kibano kitu kilichojikunja huko ndani. Lenzi haikupotea mchangani hata kidogo, ilijificha kwenye jicho lenyewe, imebeba chembe za udongo wa Mkunya. Akamwosha kwa maji ya dawa, akamdondoshea rangi ya kuonyesha mikwaruzo, akamulika kwa tochi ya bluu, kisha akarudia tangu mwanzo.

"Limekwaruzika, na kidonda bado kiko wazi," alisema hatimaye. "Dawa hii kila saa, na kila asubuhi nikuone. Likiwa jeupe katikati, usingoje hata dakika. Sikuahidi kitu, kaka."

Siku zilizofuata hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Maumivu yalimchoma mpaka kisogoni. Kila asubuhi, kabla ya safari ya Newala, Pili alimsogeza mlangoni penye mwanga, akamchungulia jichoni, na Mrisho akasikiliza pumzi ya mkewe ili ajue kama doa jeupe limetokea. Shehe wa msikiti alikuja kumjulia hali, akamwachia maneno yake.

"Dini haikukutuma ujidhuru, mwanangu. Vumbi ni kidogo, tena mikono hukung'utwa, na penye jeraha unapaacha. Wewe umejipaka kama bwana harusi anavyopakwa liwa! Kuuliza si ujinga."

Doa halikutokea. Kidonda kikaziba, maumivu yakapungua. Lakini hofu haikwenda popote, kwa sababu swali kubwa lilikuwa bado: je, jicho limeshika, au linaendelea kuchongoka? Hilo halionekani mlangoni. Lilipaswa kungojwa mpaka mwisho wa mwaka, na miezi yote hiyo Mrisho alilala viganja vimebanwa chini ya mapaja. Kila alipokosea ngazi alijiuliza kama ni giza au ndiyo mwanzo.

Desemba wakarudi kwa nesi Esther. Akamsimamisha mbele ya ubao wa herufi, akamziba jicho la kushoto. Mrisho akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kwenye wa nne akakwama. Nesi akaandika, akafungua faili, akalinganisha na majibu ya Dar.

"Ni pale pale," alisema. "Hujasogea."

Mrisho akamshukuru Mungu kwa sauti. Nyuma yake Pili alisimama ghafla.

"Pale pale? Dada, na Dar yote ile, na mateso yote yale, mume wangu anaona vile vile?"

Hapo ndipo Mrisho alipogeuka, akasema lile neno alilolificha karibu mwaka mzima. "Mama Somoe, macho mapya hayapo. Nilijua tangu mwanzo. Nilikwenda kuomba haya yasiishe. Niliogopa kukwambia."

Pili akaketi. Nesi Esther akajifanya anapanga vichupa vyake.

"Sasa unanionaje?" Pili aliuliza, polepole.

"Na ukungu. Mko wawili, mmoja amemfunika mwenzake kidogo."

"Na nikizeeka?"

"Mtakuwa vivyo hivyo wawili. Wazee."

Pili alicheka, kisha akalia, akalia waziwazi mbele ya watu bila hata kujifunika kanga, na Mrisho akasimama pale akimwangalia, mikono yake yote miwili imening'inia, macho yanamwasha kwa machozi, asithubutu kuyafuta.