Damu Isiyoota Kitu

Kijijini kwao, nje kidogo ya Mkiwa, mbuzi akikwama kuzaa watu hawakumngoja bwana mifugo. Walimwita Felista. Mkono wake ulikuwa mwembamba, nao uliijua njia: ungeingia, ungepapasa, ungemgeuza mtoto aliyekaa vibaya, na punde angedondoka kwenye majani akipiga chafya. Felista alimfuta pua kwa kanga yake, akalitupa kondo nyuma ya zizi, akaenda kusonga ugali. Filipo, mumewe, alimtania kwamba mbuzi wa kijiji kizima wangemwita bibi kama wangejua kusema.

Homa ya Felista ilianza kama homa zote. Zahanati walimpima malaria wasiione, wakampa dawa yake hata hivyo. Homa ikapoa, ikarudi. Wakasema taifodi, akameza vidonge vingine. Alipokonda na jasho kulowesha godoro, wakashuku kifua kikuu; makohozi yakawa safi. Majirani nao walikuwa na lao: kuna mtu kamroga. Felista hakubisha wala hakukubali. Alichojua ni kwamba zamani alitoka kisimani na ndoo kichwani akiimba, na sasa kutoka mlangoni hadi jikoni alipumzika njiani.

Miguu ilipovimba, Filipo alimpeleka hospitali mjini. Daktari alikuwa binti mdogo aitwaye Kauthar.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kauthar alimsikiliza moyo, akarudia, akakunja uso. "Utotoni uliwahi kuvimba magoti, ukawa na homa?"

Felista alikumbuka. Ndiyo homa iliyomtoa shule.

Kwenye mashine ya picha, daktari alimwonyesha vali, mlango mdogo ndani ya moyo. Ulikuwa na kovu la homa ile ya zamani, na juu ya kovu palikuwa na kitu kama kinyama, kikipepea kila moyo ulipopiga.

"Kuna wadudu wamejishikiza hapa. Tutaotesha damu yako kwenye chupa, wakue tuwajue, ndipo tupate dawa yao."

Damu ikatiwa kwenye chupa. Haikuota kitu. Wakachukua nyingine, nayo haikuota kitu. Sindano alizochomwa kwa kukisia hazikuigusa homa.

"Basi labda hao wadudu hawapo," Filipo alisema.

"Wapo, baba. Wengine hawaoti kwenye chupa hata uwabembeleze vipi. Wanazaliana ndani ya mwili tu." Akamgeukia Felista. "Nyumbani mnafuga?"

Felista akamweleza habari za mbuzi, akaunyoosha mkono wake kumwonyesha. Kauthar akautazama, kisha akavuta karatasi ya maabara akaandika.

Damu ikasafirishwa maabara ya mbali, si kuoteshwa tena, bali kutafutwa alama ambazo mwili huacha ukipigana na mdudu. Mvua zikaja, zikaisha. Majibu yaliporudi, alama zilikuwa tele: homa ya Q, ya mbuzi, ng'ombe na kondoo, ambayo wadudu wake hujaa kwenye kondo na maji ya uzazi.

Dawa ilikuwepo, ya kumezwa zaidi ya mwaka. Lakini vali ilikuwa imeliwa. Ilihitaji kubadilishwa, na madaktari wa upasuaji walishakataa: moyo ule haungehimili kisu.

"Je, ningekuja mapema, ningepona?" Felista aliuliza.

Kauthar aliinamisha kichwa. "Ungekuja mapema, mama, ungeambiwa malaria."

Akarudi nyumbani na vidonge vyake. Hakuweza tena kulala chali; alilala ameketi, ameegemea gunia la alizeti. Siku moja Agnes, jirani yake, akaja mbio. Mbuzi wake amekwama.

"Siwezi, Agnes. Na wewe usimshike mikono mitupu. Vaa hata mifuko ya nailoni, funika pua. Kondo ulichimbie chini, mbwa wasilifikie. Ndilo lililonimaliza."

Agnes alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa anayeweweseka. "Lakini dada, sote tunawashika hivyo tangu zamani. Mbona sisi wazima?"

Felista alitaka kumweleza habari za kovu, za chupa zisizoota kitu, za mdudu asiyeonekana. Pumzi ikamfikisha neno la pili, ikakatika. Akatikisa mkono tu.

Agnes akamwekea maji karibu, akamfunika miguu, akaenda zake, huku akikunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko.