Kapiteni wa Macho ya Zahabu

Kuna mwanamke alipanda ndege Ulaya, akashuka Lubumbashi, akapanda nyingine ndogo mpaka huku kwetu Kalemie, ili aje kuomba msamaha kwa wizi ambao babu yake hakuufanya.

Waliomshitaki babu yake ni sisi.

Tena usidhani tulikurupuka. Maelezo ya mwizi tulikuwa nayo, picha tulikuwa nayo. Kilichotuangusha ni neno moja tu.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hii habari ukiidandia katikati utatucheka zaidi ya tunavyostahili.

Baba yangu anaitwa Papa Hubert. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua makaa. Baba yake, yaani babu yangu Barnabé, alikuwa askari wa Force Publique enzi za Wabelgiji. Walimpeleka Abisinia kupigana na Waitaliano. Alirudi na mguu unaochechemea na medali moja.

Mguu alizikwa nao. Medali hatukuiona.

Sasa hapo Kataki tunapokaa tuna jirani, Papa Ulrich. Baba yake naye alikuwa askari, na medali yake ipo. Iko sebuleni ndani ya fremu, imewekewa na kataa kake kadogo ka kuimulika. Umeme ukikatika, Papa Ulrich anaimulikia tochi ya simu ili mgeni asikose kuiona.

"Hubert, baba yako alikuwa muntu muzuri sana," Papa Ulrich hupenda kusema. "Kule jeshini, kama si yeye, nani angewapikia wazee wetu maharagi?"

Umeelewa? Anasema babu yetu alikuwa mpishi. Anasema medali haikuwahi kuwepo.

Papa hucheka hapo, lakini cheko la meno tu. Akirudi nyumbani hali chakula. Nimekua nikimwona hivyo. Na mwaka jana, daktari alipomwambia moyo wake umechoka, kitu cha kwanza alichosema ni hiki: "Nitakufa watu wakisema baba yangu alikuwa mupishi."

Kwa hiyo medali ilibidi ipatikane.

Ushahidi ulikuwa mmoja tu. Babu alipokuwa mahututi, Papa alimwinamia akamwuliza medali iko wapi.

"Ilikamatwa na kapiteni," babu akasema.

"Kapiteni gani, Papa?"

"Munene. Shingo hana. Mudomo mupana, hivi. Na macho ya zahabu, yanawaka." Babu akavuta pumzi. "Tulivutana naye sana. Mimi huku, yeye kule. Akanishinda."

"Jina lake nani?"

Babu alicheka mpaka akakohoa. "Jina? Sikumuuliza."

Basi. Babu alikuwa mtu wa mizaha, lakini nani anafanya mzaha akiwa anakata roho? Askari, medali, kapiteni. Hata wewe ungejumlisha ungepata jibu lile lile. Mkubwa wa Kibelgiji alimnyang'anya mzee wetu medali yake.

"Na macho ya zahabu?" niliwahi kumwuliza Papa.

"Wazungu wana macho ya kila rangi," akanijibu, na somo likaishia hapo.

Tuna binamu Liège, kule Ubelgiji, anaitwa Patrice. Papa alimkabidhi kazi. Familia ikafungua grupu ya WhatsApp, na kila wiki Patrice alikuwa anarusha picha za zamani za maofisa, sisi tunapiga kura. Huyu ana shingo, toa. Huyu mdomo mdogo, toa.

Siku moja akarusha picha ya kapiteni mmoja mnene, kichwa kimekaa moja kwa moja juu ya mabega, mdomo kutoka sikio mpaka sikio. Alikuwa Abisinia kweli, batalyo ile ile ya babu.

Grupu ililipuka. "Njo ye!" "Njo ye kabisa!" Yaani ndiye. Kuna shangazi mmoja alisema ukimwangalia tu unaona ni mwizi. Picha haikuwa hata na rangi, macho ya zahabu tuliyatia sisi wenyewe.

Patrice naye hana breki. Akaiweka Facebook: *Huyu ndiye aliyeiba medali ya babu yetu.*

Kumbe kapiteni alikuwa na mjukuu. Madame Claire, mwanamke wa miaka sitini hivi, mpole, mtu wa kanisa. Aliiona. Hakubisha, hakutukana. Aliandika kwamba babu yake hakuwahi kusimulia mambo ya Kongo, kwamba anaona aibu, na kwamba medali pekee aliyoikuta nyumbani ni ya babu yake mwenyewe, ya vita vile vile. Angependa kuileta na kutukabidhi kwa mikono yake.

Papa alisoma ule ujumbe amesimama. Kisha akaenda kupiga hodi kwa Papa Ulrich.

"Ulrich, nakualika fete, sherehe ya medali. Ukae mustari wa mbele."

Siku ikafika. Turubai uani, viti vya plastiki, kwaya ya parokia, shefu wa kwartye, yaani mkuu wa mtaa. Papa Ulrich alikuja na medali ya baba yake ameibandika kwenye koti, asije akasahaulika.

Mimi nilikuwa jikoni na Tantine Micheline.

Huyu Tantine ni dada mdogo wa Papa. Aliolewa Kigoma na amekaa ng'ambo ile ya ziwa miaka mingi. Alikuja na boti kwa ajili ya sherehe tu. Simu yake ni ile ya tochi, kwa hiyo kwenye grupu hakuwemo. Na mambo ya vita na medali, wanaume wa kwetu hawawaulizi dada zao.

Alikuwa anaparua magamba ya sangala mkubwa, wa kuchoma, wa meza ya mgeni.

"Arlette, huyu muzungu mwenyewe anakuja kufanya nini?"

"Kuomba musamaha, Tantine. Babu yake njo alikamata medali ya babu."

"Nani amesema?"

"Babu mwenyewe. Alisema ilikamatwa na kapiteni."

Kisu kikasimama.

"Kapiteni wa namna gani?"

Nikamwimbia kama katekisimu. Munene, hana shingo, mdomo mpana, macho ya zahabu, walivutana akamshinda.

Tantine akamtazama sangala. Akanitazama mimi. Akakaa chini juu ya kreti ya bia, akajifunika uso na kitenge, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Mwanangu," akasema alipoweza kupumua, "kuja hapa. Muangalie huyu. Shingo iko wapi?"

Nikainama. Shingo hakuna.

"Mudomo?"

Mpana.

"Na macho?"

Nikasogea. Yalikuwa yananitazama, ya njano ya kuwaka.

Hapo ndipo akili iliponirudia. Kwenye kila restora ya Kalemie, sangala huyu huyu kwenye menyu ameandikwa *capitaine*. Nimemla mara ngapi!

"Baba yetu, tangu jeshini, sangala alikuwa anamuita kapiteni," Tantine akasema. "Alijifunza kwa wenzake wa kule mutoni, watu wa Kisangani. Mwaka ule wa uasi, Wabelgiji wamekwisha kwenda, Hubert alikuwa internat, shule ya bweni kule Kirungu, barabara zikafungwa akabakia huko. Huku treni hazitembei, mushahara hakuna, unga hakuna. Baba akakamata medali, hata sisi watoto hatukuwahi kuiona, akaitoboa na musumari, akaifunga ndoani. Ndani ya maji ilikuwa inang'aa kama ndagaa. Mimi napiga kasia, yeye anavuta uzi. Tulikula, mwanangu! Mpaka siku alikuja kapiteni mwenyewe, munene, akameza yote, uzi ukakatika."

"Mbona hakusema samaki?"

"Aliona haya. Medali ya vita kumezwa na samaki? Lakini uongo nao hakuupenda. Njo akasema kweli nusu."

Nyuma yetu mlango ulilia. Papa alikuwa amesimama pale na tai yake. Sikujua amesikia kuanzia wapi, lakini uso ulisema amesikia ya kutosha.

"Micheline," akasema polepole. "Funga mudomo."

"Kaka..."

"Watu wamekwisha kukaa. Ulrich yuko mustari wa mbele! Niende niwaambie mwizi ni samaki? Muzungu atatoa medali, tutapiga makofi, atarudi kwao. Basi."

Akatengeneza tai, akatoka. Sikumlaumu. Mtu ametafuta kitu maisha yake yote, halafu unampa mkia wa samaki.

Kwaya iliimba, shefu akasema yake, marefu. Kisha Madame Claire akasimama na kisanduku kidogo mkononi. Alizungumza Kifaransa, Papa akawa anatutafsiria.

Alisema anaomba msamaha kwa niaba ya ukoo wake, akakifungua kisanduku na kumkabidhi Papa. Alisema mama yake ni mzee sana, hakuweza kusafiri.

"Tangu alipoiona ile picha mtandaoni," akasema, "mama ameiondoa picha ya baba yake ukutani. Ameificha chini ya kitanda. Hataki wageni waione."

Papa hakutafsiri.

Tulingoja. Watu wakaanza kugeukiana. Papa alikuwa anakiangalia kile kisanduku kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Najua alichokiona. Aliona mtoto mwingine, mzee kama yeye, ambaye baba yake ameondolewa heshima. Na aliyemwondolea ni yeye.

Akakifunga kisanduku, akakirudisha mkononi mwa Madame.

"Madame Claire," akasema, Kifaransa kwanza kisha Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Pigia mama yako simu leo hii. Mwambie arudishe baba yake ukutani. Hakuiba kitu. Sisi tumekosa, na mimi njo wa kwanza."

Akanyoosha kidole kwenye sahani kubwa, mezani, mbele ya mgeni.

"Mwizi ni huyu."

Sangala alikuwa amechomwa vizuri, na kipande cha limau mdomoni.

Papa alisimulia yote, mwanzo mpaka uzi kukatika. Madame Claire alisikiliza mkono mdomoni. Papa alipofika kwenye ile "jina sikumuuliza", mama wa watu akaangua kicheko, kikageuka kilio, akamkumbatia Papa mpaka tai ikaenda upande.

Kila mtu akacheka. Lakini aliyecheka kuliko wote, unamjua.

"Samaki!" Papa Ulrich alikuwa anajipiga mapaja. "Medali ya mufalme, kwenye ndoani! Hubert, afazali ningebakia na yule mupishi!"

Nikaona Papa anainamisha kichwa. Iliniuma.

Ndipo Tantine Micheline akatoka jikoni, anajifuta mikono.

"Ulrich," akasema, si kwa hasira. "Mwaka ule wa uasi, wewe ulikuwa mutoto wa miaka ngapi?"

"Kama saba hivi. Kwa nini?"

"Kwenu mulikuwa munakula nini?"

Papa Ulrich akaacha kujipiga mapaja.

"Baba yako medali yake aliitundika ukutani," Tantine akasema. "Baba yetu yake akaitia kwenye maji. Na kila jioni nani alikuwa anakuja na sahani pale mulangoni kwetu, anasema *Mama amesema eti hata kichwa tu*?"

Watu wote wakamgeukia Papa Ulrich.

Papa Ulrich alishusha macho. Nilidhani atainuka aende zake. Badala yake akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Vichwa. Kweli. Nilikuwa ninapewa vichwa. Vya sangala."

Papa akainuka. Alichukua kisu, akakata kichwa cha yule kapiteni, akakiweka kwenye sahani na bukari, ugali wetu, akamletea jirani yake kwa mikono miwili.

Walikila pamoja, wanachokoa mashavu kwa vidole, na mafuta yakaichafua ile medali kwenye koti la Papa Ulrich. Hakuifuta.

Madame Claire alirudi kwao na medali ya babu yake. Siku ya tatu alitutumia picha: kapiteni wa watu yuko ukutani tena, mnene, hana shingo, hana kosa.

Na sebuleni kwetu sasa kuna fremu. Aliileta Papa Ulrich mwenyewe, pamoja na kataa kake kadogo. Ndani yake kuna picha ya sangala aliyechomwa siku ile, na limau yake mdomoni. Wageni wakiuliza, Papa anasema, "Hiyo ni medali ya baba yangu," na anawaacha wateseke kidogo kabla ya kueleza.

Somo? Ukimtafuta mwizi wako mbali, hadi ng'ambo ya bahari, kwanza pita jikoni, muulize dada yako. Na heshima ya mzee wako si lazima ing'ae ukutani. Yetu iliingia tumboni, na tukakua.

Papa bado yupo, moyo wake unajikokota naye. Ila sangala akinunuliwa nyumbani, hakuna anayeruhusiwa kumpasua. Anavua tai, anakunja mikono ya shati, anamfungua tumbo yeye mwenyewe, taratibu, na anaangalia.