Tarehe Nne, Mfungo Mosi

Mjukuu wangu alipimwa mikono kabla hajaulizwa jina. Kocha, Mmarekani mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alimsimamisha mbele ya ukuta, akamwambia ainyooshe mikono kushoto na kulia, akavuta futi kamba kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole cha upande wa pili. Alitazama namba, akapima tena. Kisha akamwambia neno mwalimu wa michezo aliyekuwa akitafsiri, na mwalimu akanigeukia nilipokaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kiwanja.

"Mzee, anauliza mnamlisha nini."

"Mwambie wali na maharage, kama watu wengine."

Kiwanja chenyewe kilikuwa upande wa Jangwani, bado kina matope ya mvua za juma lililopita. Kocha alikuja kwa siku tatu kutafuta vijana wa sekondari wenye miili mikubwa, wakacheze mpira wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai, na wasomeshwe chuo kikuu bila kulipa. Mwalimu alinieleza kazi yenyewe. Watu watano husimama mbele ya mwenzao anayerusha mpira na kuwazuia wapinzani wasimfikie. Hawa watano hawafungi, mpira hawaugusi, na anayeshangiliwa ni yule waliyemkinga. Nilimuuliza mara mbili kama nimemsikia vizuri. Nilikuwa nimeishi miaka mingi nikisikia mpira ni kufunga.

Walikuja vijana wakubwa kuliko wetu, wengine wana vifua kama milango. Kocha hakuvutiwa na vifua. Aliwaambia wachuchumae hadi chini visigino vikiwa vimegusa ardhi, na wengi waliinuka kwa vidole au wakaanguka kwa makalio. Mjukuu wangu alikaa pale kama mtu anayetawadha, kwa sababu ndivyo alivyotawadha tangu ana miaka mitano kwenye bomba letu la uani, lililo chini kiasi cha goti. Kocha alimzunguka, akamsukuma bega kidogo. Hakutikisika. Halafu akamweka mbele ya kijana mwembamba mwenye mbio, akamwambia asimpe njia wala asimshike nguo. Yule mwembamba alikwenda kulia, akarudi kushoto, akajifanya anasimama, akachomoka. Kila alikokwenda alimkuta mjukuu wangu amefika, magoti yamekunjwa, mikono mbele ya kifua, miguu ikipiga hatua fupifupi bila kupishana.

"Kontena hilo!" walipiga kelele vijana wa Kariakoo waliokuja kutazama, wale anaobeba nao marobota ya mitumba Mchikichini wakati wa likizo. "Kontena lina magurudumu!"

"Babu, akienda tuachie mguu mmoja tubaki nao!"

Siku ya pili jioni mwalimu alinipigia simu. Katika vijana wote kocha alikuwa anawataka wawili, na wetu ni wa kwanza. Kesho tulete vyeti. Nilisujudu pale pale sebuleni. Kijana huyu tulimchukua mama yake, binti yangu, alipofariki, na baba yake alikwenda zake hata kabla ya hapo. Bibi yake naye alinitangulia mwaka juzi. Tulibaki wawili katika chumba na sebule hapa Mchafukoge, na mimi umri umenikimbia. Nilikuwa nikimwomba Mungu mahali pa kumwacha. Sasa niliona nimejibiwa.

Asubuhi kocha alishika cheti cha kuzaliwa, akakisoma, akakisoma tena kama alivyopima mikono. Chuo chake hakimchukui kijana aliyetimiza miaka kumi na tisa kabla ya masomo yao kuanza mwezi wa nane. Cheti kilisema mjukuu wangu alizaliwa tarehe nne, mwezi wa kwanza. Alikuwa ametimiza kumi na tisa wiki chache tu zilizopita.

"Si kweli," nikasema. "Ana kumi na nane. Alizaliwa siku ya nne ya Idi, baada ya Ramadhani. Mwaka ule Idi iliangukia mwezi wa kumi."

Mwalimu alinitazama. "Mzee, hapa pameandikwa Januari."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Nyumbani kwetu miezi tunaihesabu kama walivyoihesabu wazazi wetu. Mwezi unaofuata Ramadhani tunauita mfungo mosi, unaofuata mfungo pili, na kuendelea hivyo. Mtoto alipotakiwa kuanza shule nilikwenda kumtafutia cheti. Alizaliwa nyumbani, mkunga wake alishafariki, na kadi ya kliniki ilikwenda na maji ya mafuriko tulipokuwa tunaishi bondeni. Karani, kijana mwenye adabu, aliniuliza mtoto alizaliwa lini. Nikamwambia tarehe nne mfungo mosi, na mwaka nikamtajia wa kawaida. Akauliza, "Mosi, yaani mwezi wa kwanza, mzee?" Nikasema ndiyo. Kwangu ulikuwa wa kwanza. Nilipokea karatasi, nikaikunja, nikaiweka kwenye sanduku pamoja na Msahafu wa marehemu mke wangu. Siku za kuzaliwa hatusherehekei kwetu, hivyo hapakuwa na mtu wa kuitazama tarehe ile. Miaka yote hiyo mjukuu wangu aliijaza kwenye fomu za shule kama ilivyo. Aliniamini.

Kocha alikuwa anaondoka saa kumi jioni. Nilimsihi anisubiri. Nilikwenda kwa miguu, kwa sababu barabara ilikuwa imesimama, hadi kwenye ofisi ya wakili ninayepita mbele yake kila siku nikienda msikitini. Binti wa mapokezi alisimama kunipa kiti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka hati ya kiapo. Tarehe ya kuzaliwa ya mjukuu wangu imekosewa."

"Ni ile ya kupunguza umri?"

"Ya kusahihisha."

"Ndiyo hiyohiyo, babu." Alikuwa ameshaanza kuandika. "Mpira au jeshi?"

"Mpira," nikasema.

"Wote ni mpira siku hizi. Mwezi uliopita alikuja mmoja ana ndevu, babu, kanizidi mimi umri. Kaapa ana kumi na sita."

Alisema kwa mzaha, wala hakunikusudia ubaya. Lakini nilitamani ardhi inimeze. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto Kurani, na somo ninalolirudia kila mwaka ni kwamba jina la Mungu halitajwi ovyo kwenye viapo. Mwenyewe sikuwahi kuapa mbele ya mtu. Siku ile nilishika Msahafu wa ofisini, jalada lake limechakaa kwa mikono ya waliotangulia, nikaapa. Kila neno lilikuwa kweli. Nilijua pia kwamba walioapa uongo pale walitamka maneno yaleyale, kwa sauti kama yangu.

Niliporudi kiwanjani kocha alikuwa anafunga begi. Aliisoma hati, mwalimu akimweleza mambo ya mfungo mosi. Namshukuru mwalimu yule, alieleza kwa bidii. Alihesabu miezi kwa vidole, akachora kwenye daftari. Kocha alisikiliza hadi mwisho, akakaa chini mbele yangu ili tulingane macho.

"Anasema anakuheshimu, mzee," mwalimu akatafsiri. "Anasema hii ni hati ya tatu kuletewa tangu afike. Wenzako nao walikuwa na hadithi nzuri, na mmoja alilia."

"Mwambie mimi silii. Mwambie yangu ni kweli."

"Anasema inawezekana ni kweli. Lakini chuoni kwao wakiona tarehe imebadilishwa wiki hii, baada ya majaribio, hawataipokea. Angekuwa na karatasi ya zamani, hata ya kliniki, angepigania."

"Mwambie ilikwenda na maji."

Mwalimu hakutafsiri mara moja. "Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "na wale wawili pia zao zilikwenda na maji."

Muda wote huo mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Kocha alimpa mkono, akamshika bega lile alilolisukuma siku ya kwanza, akasema kitu ambacho mwalimu hakunitafsiria, na mimi sikuuliza. Nafasi yake alipewa kijana mwingine, mzuri pia. Nilimwombea heri, na nilipata tabu kumwombea.

Tulirudi kwa kupitia Kariakoo, katikati ya watu na mikokoteni. Wenzake walimwona kwa mbali, hakuna asiyemwona.

"Kontena! Meli inaondoka lini?"

"Bado napakia," akajibu, na akacheka nao. Tulipowapita akakaza mwendo, nikabaki nyuma.

Nyumbani nilimsubiri amalize sala ya Alasiri. Nikakaa naye mkekani, nikamwambia, "Baba, naomba radhi."

Aliinua kichwa kama mtu aliyetukanwa. Kwetu mkubwa ndiye anayetoa radhi. Kijana huiomba kabla ya safari, kabla ya ndoa, kabla ya mtihani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaandaa moyoni maneno ya radhi yangu kwake, ya siku atakayopanda ndege.

"Babu, usiniombe hivyo. Haifai."

"Nimekukosesha."

"Hukukusudia."

"Sikukusudia. Lakini niliulizwa, nikasema ndiyo. Nilipewa karatasi, sikuitazama."

Alizungusha tasbihi yangu mkononi mwake, zile punje zikaonekana ndogo kama mtama. "Nikisema nimekusamehe, tutaacha kuliongea?"

"Tutaacha."

"Basi nimekusamehe."

Akasimama, akavaa viatu, akaenda Mchikichini, ingawa siku ile hapakuwa na robota la kushusha. Nilibaki mkekani. Nina mengi ya kumshukuru Mola wangu, na sikuacha kumshukuru siku ile. Hata neno lile la mjukuu wangu nimelipokea kwa shukrani, japo najua alilitoa ili ninyamaze. Tangu hapo kila baada ya sala naomba lije kuwa kweli moyoni mwake, na kila anaporudi kutoka kazini namtazama usoni kama limefika.