Machibya na Kisima cha Zahanati

Namshukuru mzee Machibya hadi leo, ingawa nilianza kwa kumlaani.

Ilikuwa mwaka 1994, miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa wote, kila mwenye pikapu na koleo akijiita mkandarasi. Mmoja alituchimbia kisima kwenye zahanati yetu, karibu na kivuko cha Busisi, mafundi wake, nisiowajua kwa sura, wakakipiga plasta ya saruji toka juu hadi chini, kikang'aa kama bakuli. Tukapiga vigelegele. Baada ya miezi mitatu kikakauka. Mimi, nesi wa wazazi, nikaletewa barua kutoka wilayani: bila maji hadi mwisho wa mwezi, chumba cha kujifungulia kinafungwa. Mama mwenye uchungu angebebwa kwa baiskeli hadi Sengerema mjini.

Ndipo akaja Machibya, mchimba visima wa miaka sitini hivi, kamba begani. Hakuna aliyemwita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia pale kivukoni kisima chenu kimekauka. Niletee majivu makavu, debe moja."

Akashuka. Asubuhi nzima alibandua plasta, nami juu nilimlaani fundi aliyeipiga: mvivu, mwizi, hana mama. Kutoka chini nilisikia "mh" tu.

Mwamba ulipobaki wazi, akaurushia majivu, akasubiri. Kisha akaniita. Nina hasira, lakini si mwoga. Nikafunga khanga vizuri, nikashuka. Ukuta wote ulikuwa mweupe kwa majivu, isipokuwa mstari mmoja mweusi usawa wa kifua, umelowa.

"Jiwe hili ni la mchanga, linapitisha maji," akasema. "Lakini ona hapa, udongo wa mfinyanzi, haufiki hata unene wa ukucha. Maji yakishuka yanakwama juu yake, yanatembea pembeni. Kisima chenu chote ni mstari huu. Plasta iliuziba, mkanywa yaliyokuwa yamejikusanya hadi yakaisha."

"Huyo fundi ningempata!"

"Ndiye mimi."

Nikamgeukia, yeye bado anautazama ule mstari.

"Mkandarasi alitaka ukuta laini. Mstari nilikuwa nimeshauona kwa majivu. Nikanyamaza, nisije nikafukuzwa kazi."

Nikaanza kusema yameisha. Akanikatiza.

"Usinisamehe kwanza, mwanangu. Ngoja nimalize."

Alifanya kazi siku tatu, akiufuata ule mstari kwa patasi na kukwangua mabaki, hataki plasta iuguse tena. Ya nne tukasikia maji yakidondoka. Alipokuwa anakunja kamba nikamwambia nimemsamehe, na kwamba asante yangu haina mwisho. Nililia, sioni haya kusema. Akala ugali wetu na sato, akaenda zake kivukoni.

Mwisho wa mwezi bwana afya wa wilaya akaja na kufuli mkononi. Alinikuta nimemshika mtoto wa mama mmoja, Suzana, ana saa moja tu duniani, mikono yangu imelowa hadi viwikoni. Akatia kufuli mfukoni. Kisha akaomba maji ya kunywa.