Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Nilipoolewa Ngamiani, miaka ile ya hamsini, mavyaa, mama yake mume wangu, alinipima kwa kazi moja tu: kugandisha mtindi. Kwake yeye, bibi harusi asiyejua kugandisha maziwa hakuwa mke bado. Siku tatu za mwanzo yaliganda vizuri hata nikaanza kuringa. Siku ya nne yakabaki maji. Ya tano vilevile. Ya sita nilipofunua kawa nilitamani kulia.

"Mkono wako una nuksi," alisema mavyaa. "Ijumaa ndugu za mumeo wanakuja kula. Yasipoganda, nitakurudisha kwenu Pangani ukafunzwe upya."

Hakuwa mtu wa mzaha huyo. Nilikwisha kufungasha nguo zangu moyoni.

Asubuhi iliyofuata muuza maziwa alipokuja na baiskeli yake, nikamwuliza ng'ombe wake ana nini siku hizi. Akajikuna shingo. Nikamwambia basi namwita mavyaa. Mtaa mzima ulimwogopa mavyaa, naye akasema yote pale pale.

"Alivimba kiwele, dada. Bwana mifugo kamtia penisilini kwenye chuchu. Kasema maziwa niyamwage mpaka dawa imtoke, kwani hata kuganda hayagandi. Sasa mimi nimwage maziwa meupe namna hii?"

Mtu mwema angekimbilia ndani kueleza. Mimi sikuwa mwema kiasi hicho. Niliyachukua yake kama kawaida, nikapitia kwa jirani mwenye ng'ombe mzima, akanipa maziwa na mtindi kidogo wa kugandishia. Kisha nikamwendea mavyaa nimeinamisha uso.

"Mama, weka bakuli moja kwa mkono wako, mimi niweke jingine. Nione ninapokosea."

Alifurahi kupita kiasi! Nikamsogezea maziwa yale ya penisilini. Akalifukiza bakuli kwa ubani, akavuta bismillahi ndefu, akatia kijiko chake cha mtindi polepole. Mimi nilitia changu katika maziwa ya jirani, nikakoroga kwa mkono wa kushoto makusudi, naye akasonya.

Kulipokucha tukafunua. Langu limeganda, kijiko kinasimama. Lake maji matupu.

Nilikuwa nimejitayarisha kucheka. Lakini mavyaa alijikalia juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akawa anavigeuza viganja vyake, akivitazama huku na huku.

"Nimezeeka," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Hata maziwa yamenikataa."

Niliona haya mpaka masikioni. Nikamwambia habari yote, ya ng'ombe, ya kiwele na ya dawa, maneno yakinitoka ovyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, viganja bado viko mapajani.

"Ulijua tangu jana?"

"Nilijua, mama."

"Ukaniacha nikafukizia ubani maziwa ya dawa?"

"Nilikuacha. Nisamehe."

Nikaanza kufikiria nitamwambia nini mama yangu nitakapofika na sanduku. Kisha mavyaa akavuta bakuli langu, akachota kijiko, akaonja, akachota tena.

"Kwenu huendi," akasema. "Nikikurudisha, nitagombana na nani humu?"