Maji ya Pipa la Bi Suuza

Jina alilopewa na wazazi wake linajulikana na watu wachache, na hao wenyewe hawalitumii. Mtaani ni Bi Suuza. Alilipata kwa wasichana waliokuja kujifunza udobi kwake. Ukimpelekea shati ulilodhani limetakata, atalinusa, atalikamua tone moja kiganjani, kisha atakurudishia. "Suuza." Unasuuza. "Suuza tena." Wengine walilia. Leo kila mmoja ana wateja wake, na ukimwuliza atakwambia bila haya kwamba alilia.

Alifua kabla hajaolewa, akafua akiwa na mimba, akafua alipofiwa na mumewe, na kwa kufua huko akamsomesha binti yake wa pekee mpaka akawa mkunga. Binti akaolewa na dereva wa lori, wakamwomba mama aje wakae pamoja. Bi Suuza alikubali kwa sharti moja: pipa lake liende naye. Nguo nyeupe, kwa sheria yake, hazifuliwi kwa maji yaliyotoka bombani sasa hivi. Maji hayo yana kutu, yana dawa. Unayaacha pipani mpaka yatulie, uchafu ukae chini, ndipo uyachote kwa juu, taratibu, bila kuyaamsha.

Mkwe hakuwa na neno. Alikuwa mpole, mpole kiasi kwamba Bi Suuza alianza kumshuku. Mwaka jana mzigo ulimwangukia mguuni wakati wa kushusha, akakaa nyumbani miezi. Dereva aliyezoea barabara akawa mtu wa kutazama ukuta. Chakula anakigusa tu. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Binti akawa analia chooni akidhani mama yake hasikii.

Siku moja mkwe akaagiza vipande vya vioo, akavigandisha kwa gundi, akatengeneza tangi, akaanza kufuga samaki wekundu. Samaki wasioliwa! Bi Suuza alimwuliza binti yake faragha kama huyu mume bado ni mzima. Lakini samaki wakataga, mayai yakaanguliwa, na asubuhi hiyo mkwe aliita nyumba nzima, ameegemea mkongojo, anacheka kama aliyepata mtoto. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aumie. Toka hapo Bi Suuza hakuwasema tena samaki, walau si kwa sauti.

Ila maneno ya mkwe kuhusu samaki hao aliyavumilia tu. Kila jioni, mama mkwe akipiga pasi, mkwe alikuwa akimsomea habari za samaki. Kwamba maji ya bomba mabichi huwaua kwa ile dawa. Kwamba maji baridi ya ghafla huwatia mshtuko. Kisha humwomba jagi moja la maji ya pipa, kwa adabu, kama anayeomba damu. Bi Suuza humpa, na kwa mengine yote hujibu "Mh."

Basi mguu ukapona, siku ya kurudi kazini ikafika. Mlangoni mkwe akageuka. "Mama, nakuachia wanangu. Waangalie tu."

Kuangalia tu ni kazi ambayo Bi Suuza hajawahi kuiweza. Alilitazama lile tangi. Kioo kimeota ukungu wa kijani. Sponji ya kuchujia maji, ile inayokaa pembeni na pampu yake, imekuwa nyeusi tii. Akaona haya kwa niaba ya nyumba. Na moyoni, tuseme kweli, alitaka kumpa zawadi: siku yake ya kwanza kazini, arudi akute wanawe wanang'aa. Akaichomoa sponji, akaitia sabuni ya unga, akaisugua. Akasuuza, akasuuza tena, kama sheria inavyotaka. Akairudisha, akawasha pampu, akaenda kupanga kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa makoti meupe ya mwenye bekari. Kesho yake bwana huyo alikuwa anafungua duka la pili, na wafanyakazi wake wote walitakiwa wavae makoti safi. Atayapitia alfajiri. Ahadi ni deni, na Bi Suuza maisha yake yote hajachelewesha hata leso. Pipa lilikuwa limejaa, limetulia, linangoja kazi hiyo. Bomba letu hutoka kwa zamu, na siku hiyo haikuwa zamu yetu.

Kabla ya kuloweka akarudi kidogo kuutazama uzuri alioufanya. Juu ya tangi povu lilikuwa limeumuka mpaka ukingoni.

Mwingine angesimama kushangaa. Dobi haulizi povu limetoka wapi. Sponji si kitambaa. Inakunywa sabuni na kuificha, na pampu ilikuwa inaikamua kidogo kidogo ndani ya maji. Samaki wote walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wanagombania hewa. Yule mkubwa, mama yao, alikuwa amelala ubavu, matamvua yakimwenda mbio.

"Nimewafua," alisema peke yake sebuleni. "Mungu wangu, nimewafua."

Akazima pampu. Maji mengine, na mengi, na yasiyo na dawa. Akalitazama pipa. Akayatazama makoti. Na hapa nisikudanganye: alisita. Jina la mtu ni kazi ya maisha, na la kwake lilikuwa ndani ya pipa lile. Halafu akamkumbuka mkwe akitazama ukuta, akasema "Potelea mbali," akatwaa beseni.

Alilisuuza kwanza, maana sasa hakuamini chombo chochote ndani ya nyumba hiyo. Akachota kwa juu, taratibu. Akatia kiwiko kwenye tangi, akatia kiwiko kwenye beseni, kama mtu anayeandaa maji ya kichanga. Ya pipa yalikuwa baridi. Akayaongezea ya moto kutoka kwenye birika, akapima tena, mpaka kiwiko kikashindwa kutofautisha. Kisha akachukua kitambaa chake chepesi cha kupigia pasi, akakilowesha, akaanza kuwaopoa mmoja mmoja.

Beseni la kwanza likatoa povu jembamba. Bi Suuza akajua la kufanya. Akawahamishia la pili, na kutoka la pili wakaingia kwenye karai kubwa, kila mara maji mapya, kila mara kiwiko kwanza. Mpira mwembamba wa pampu unaopuliza hewa, ambao haukuguswa na sabuni, akauchomeka humo, akawasha pampu, ukaanza kububujika. Mapovu yake yakapasuka mara tu yalipofika juu. Mama yao akamshika mwenyewe, kiganja chini ya tumbo, akamtembeza polepole mbele, mbele, maji yapite kwenye matamvua. Mgongo ukamuuma, magoti yakalalamika, hakuyasikiliza. Samaki akatikisa mkia mara moja, kwa hasira. Mara ya pili akajitoa kiganjani, akaogelea wima.

Bi Suuza alilia, na hakuna aliyemwambia asuuze.

Wadogo wawili hawakuamka. Aliwaweka kwenye kisosi, ili mkwe awaone. Pipa lilibaki na tope la chini tu.

Mkwe alirudi jua lingali ukutani, anachechemea kidogo, mdomo umejaa habari za barabarani. Akaliona tangi tupu, habari zikamkauka. Bi Suuza akasimama. Angeweza kusema pampu imeharibika. Povu lilikuwa limeshamwagwa, shahidi hakuna. Lakini mficha uchi hazai.

"Baba, samaki wako nimewatilia sabuni. Niliosha ile sponji. Kosa ni langu mimi. Hawa wawili wamekufa. Wengine wamo humu."

Mkwe akapiga goti kwa shida kando ya karai. Akawahesabu kwa kidole, mmoja baada ya mwingine. Mwisho akauliza, "Maji umepata wapi? Leo si zamu."

"Ya pipa."

"Ulijuaje kuwa yanawafaa?"

"Si uliniambia wewe? Kila jioni unaniambia."

"Mimi nilidhani husikilizi, mama."

"Pasi napiga kwa mikono. Masikio yanakuwa hayana kazi."

Mkwe akacheka, macho yamemlowa. Alipoinuka ndipo alipoyaona makoti, kavu, machafu, yamepangwa vilevile. Alikuwa ameishi na Bi Suuza vya kutosha kujua anachokitazama. "Na haya?"

"Hayo ni aibu yangu. Mwenye bekari nitamwambia mwenyewe."

"Hutamwambia kitu," alisema yule mpole, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia. Akapakia madumu kwenye lori, akaenda kisimani kwenye yadi ya malori ya kazini kwake, akarudi yamejaa maji maangavu. Akajivutia kigoda, akaunyoosha mguu wake mbovu, akakunja mikono ya shati. Mtaa ulisimama kutazama mtu na mama mkwe wake kwenye beseni moja, mama anasugua, mkwe anasuuza na kutia buluu, ile rangi ya kung'arishia nguo nyeupe. Binti alirudi kutoka zamu akamkuta mumewe ana mapovu hadi kiwikoni, naye anasimulia barabara ilivyokuwa, hanyamazi. Akaweka mkoba chini, akaanza kuanika.

Alfajiri mwenye bekari akabisha hodi. Makoti yalikuwa tayari, yamepigwa pasi, yamekunjwa. Akayapekua kwa furaha mpaka akafika la katikati, akalikunjua, akalisogeza kwenye taa. Mgongoni kulikuwa na michirizi ya buluu, mitatu, mirefu, kama iliyochorwa kwa vidole.

"Bi Suuza! Mambo haya leo ni mapya. Hujaiona hii?"

Alikuwa ameiona tangu kwenye kamba. Mkono wake ulikwisha kunyooka kulirudisha koti beseni­ni, na neno lake lilikuwa tayari mdomoni. Lakini neno akalimeza, koti akalipiga pasi, akalikunja, akaliweka pamoja na mengine.

"Nimeiona," alisema, kidevu juu. "Hilo kafua mwanangu. Livae wewe mwenyewe."